Majaribio ya "Michezo ya Wingu" Kisiwani, Upare, pamoja na Maoni juu ya Jina Lake

Makala haya yametokana na swali moja. Nilikuwa Kisiwani, katika Wilaya ya Same, kwa ajili ya kukusanya maneno ya Chasu yatumikayo katika kilimo cha mifereji, nami nilikaa kwa dada yangu. Mwanawe, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa na shauku ya kucheza katika simu yake ile michezo mikubwa ya kompyuta ambayo kwa kawaida huhitaji mashine ya bei ghali. Alikuwa amepata habari kwamba siku hizi mashine si lazima, kwa kuwa mchezo wenyewe "hukaa katika wingu". Basi usiku mmoja, tulipokwisha kula, akaniuliza: "Mjomba, wewe ni mtu wa maneno. Hilo wingu liko wapi?"

Nilimjibu upesi kwamba wingu ni jina tu, halina mahali. Jibu langu lilikuwa na kosa, na majaribio tuliyoyafanya siku zilizofuata ndiyo yaliyonionyesha kosa hilo. Nataka kueleza jambo lenyewe lilivyo, kisha majaribio yalivyokwenda, na kwa nini nadhani neno *wingu*, tulilolipokea bila ya kulipekua, halifai kwa jambo hili hasa, ingawa laweza kufaa kwa mengine.

Msomaji asiyekuwa na habari na michezo ya kompyuta asiwe na hofu. Yatosha akumbuke vibanda vya gemu vilivyo katika miji yetu. Mwenye kibanda hununua mashine moja au mbili, aghalabu za aina ya PlayStation, pamoja na televisheni, na vijana huja kulipa kwa mechi moja au kwa muda. Mchezaji haigusi mashine. Hushika *pedi* tu, yaani kishikio chenye vitufe, na macho yake huwa katika kioo cha televisheni. Mashine ni mali ya mwenye kibanda. Mchezaji amekodi zamu. Sasa na tuseme kwamba waya wa pedi umevutwa ukatoka Same mpaka Johannesburg, au Frankfurt, na waya wa televisheni umevutwa vivyo hivyo, mashine ikabaki kule na mchezaji akabaki huku. Huo ndio mchezo wa wingu, wala hauna siri nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Mwendo wake ni huu. Kidole kikibonyeza kitufe, ishara husafiri mpaka kwenye mashine ya mbali, ambayo huitwa seva. Seva huuendesha mchezo, huchora picha mpya, huikaza picha hiyo ipate kuwa ndogo, kisha huituma. Simu ya mchezaji huipokea, huikunjua na kuionyesha. Jambo hili hufanyika aghalabu mara 60 katika kila sekunde, kwa hiyo kila picha ina nafasi ya milisekunde 16 na kitu, yaani chini ya sehemu ya hamsini ya sekunde moja. Simu yenyewe haifanyi kazi kubwa kuliko ile ya kuonyesha filamu, na hapo ndipo penye tamaa yote: simu ya bei nafuu yaweza, kwa kanuni, kuonyesha mchezo ambao kwa kawaida hudai mashine ya mamilioni ya shilingi.

Wazo hili si jipya. Kampuni ya OnLive ilifungua huduma yake Marekani mwaka 2010 na kuifunga mwaka 2015, hataza zake zikanunuliwa na Sony. Sony hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuinunua kampuni ya Gaikai mwaka 2012, na kutokana nayo ikaanzisha PlayStation Now, ambayo mwaka 2022 iliunganishwa na PlayStation Plus. Google ilianzisha Stadia mwezi wa Novemba 2019 katika nchi 14 za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ikaifunga tarehe 18 Januari 2023. GeForce Now ya Nvidia ilifunguliwa kwa watu wote mwezi wa Februari 2020. Huduma ya Xbox ilifuata mwezi wa Septemba mwaka huohuo katika nchi 22. Luna ya Amazon ikafunguliwa kwa Wamarekani wote mwaka 2022. Katika zile nchi 14 za Stadia na zile 22 za Xbox, hapakuwamo hata nchi moja ya Afrika.

Huduma hizo hazifanani kwa namna zinavyouzwa, na mwenye kuzijaribu sharti ajue anacholipia. Shadow, iliyoanzia Ufaransa, humkodisha mtu kompyuta nzima iliyo mbali, naye hutia humo apendacho. GeForce Now hukodisha mashine peke yake: mchezo sharti uwe umekwisha kuununua mahali pengine. Xbox na PlayStation hukodisha mashine pamoja na maktaba ya michezo, kwa malipo ya kila mwezi. Stadia iliwauzia watu michezo mmoja mmoja, na hapa pana jambo la kuwafikirisha wanalugha. Mtu aliambiwa *amenunua*. Lakini alichonunua hakikuwa mkononi mwake wala nyumbani mwake, na huduma ilipofungwa hakikuwako tena. Ni kweli kwamba Google iliwarudishia watu fedha zao za michezo, na hilo ni jambo la heshima. Lakini kitu ambacho muuzaji aweza kukiondoa siku apendayo, hata akirudisha fedha, Kiswahili hakikiiti kilichonunuliwa. Tunalo neno *kukodi*, na tunalo *kupanga*, kama mtu apangavyo chumba. Sioni kwa nini tuwasaidie wauzaji kwa kutafsiri neno lao la sokoni.

Sasa nije kwenye Kisiwani. Mahali hapa pako chini ya Milima ya Upare ya Kusini, upande wa mashariki, katika barabara itokayo Same kwenda Gonja, Ndungu na Kihurio. Upande wa pili wa barabara nchi ni kavu na tambarare, na hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Mkomazi. Juu yetu kuna Mbaga, na nyuma yake milima huzidi kupanda hata kilele cha Shengena, ambacho hupita mita 2,400. Mkaaji wa Kisiwani huyajua mawingu vizuri kuliko sisi tulioko vyuoni. Huyaona kila siku yamelala juu ya milima, na huku chini jua linachoma na vumbi linatimka. Maji anayoyapata kwa shamba lake hayamwangukii kutoka katika wingu hilo. Humjia kwa mto na kwa mfereji, tena kwa zamu. Nitarudi kwenye jambo hili.

Tulijaribu huduma tatu. Majina yake nayaacha, kwa kuwa jaribio la siku chache, kwa simu moja na laini moja, halitoshi kuwa hukumu juu ya mtu yeyote. Tulikwenda mahali palipoinuka kidogo nyuma ya nyumba, ambapo mtandao wa simu hushika vizuri zaidi, tukakaa juu ya gogo la mwembe.

Huduma ya kwanza haikutuchukulia muda. Ilituuliza nchi yetu, nasi tukaitaja, nayo ikatujibu kwa adabu kwamba haipatikani huko. Vijana wa mjini wana hila ya kuficha mahali walipo ili waonekane wako Ulaya. Mpwa wangu alitaka tufanye hivyo, nami nikakataa, si kwa ucha Mungu bali kwa sababu ishara ikizungushwa kwa njia ya hila hurefushiwa safari, na jaribio letu lingekuwa si jaribio la Kisiwani tena.

Ya pili ilitupokea, ikatuweka katika foleni, kisha ikaupima mstari wetu. Kila huduma ina kiasi chake. GeForce Now, kwa mfano, hutaka megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha chini na 25 kwa picha iliyo kamili zaidi, na hutaka safari ya ishara kwenda kwenye seva na kurudi isizidi milisekunde 80. Xbox ilitangaza megabiti 10 kwa simu. Hiyo tuliyoijaribu ilituonya kwamba mstari wetu haufai, ikatuachia hiari ya kuendelea. Tuliendelea. Mlango wa mchezo ulifunguka, tukaona jumba na mtu amesimama, kisha mtu yule akabaki amesimama vile kwa muda mrefu mno. Mpwa wangu akasema, "Limeganda." Hakusema limechelewa. Naomba msomaji alishike neno hilo.

Ya tatu ndiyo iliyotufundisha. Ulikuwa ni usiku wa manane, watu wamelala na mtandao umepungua watumiaji, na picha ilitufikia safi kabisa. Ulikuwa mchezo wa mpira. Kijana alibonyeza kitufe cha kupiga, na mchezaji wake akapiga, lakini akapiga baadaye, wakati beki alipokwisha kuuchukua mpira. Akabonyeza tena, mambo yakawa yaleyale. Hapana kilichoganda, picha ilikuwa ikienda vizuri kama ya televisheni. Ila kila tendo lake lilifika likiwa limechelewa kidogo, na mpinzani, ambaye ni mashine iliyo kulekule kwenye seva, hakuwa na uchelewo huo. Alipofungwa goli la nne akaniambia: "Mjomba, mimi nacheza mambo ya jana."

Sidhani kama katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya jambo hili nimepata kukuta maelezo mafupi yaliyo sahihi kuliko hayo.

Kwa nini basi filamu huonekana vizuri katika simu hiyohiyo, mahali hapohapo, na mchezo ukashindikana? Watu hujibu kwamba mtandao ni dhaifu. Jibu hilo halitoshi, na Upare ndiko kwenye mfano wa kulieleza jambo hili. Tangu kale Wapare hujenga *ndiva*, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe, kama yale yaliyoko katika bonde la Makanya upande wa pili wa milima. Kijito ni chembamba. Maji yakiachwa yatiririke moja kwa moja kwenda mashambani, hunywewa na ardhi kabla ya kufika shamba la mbali. Kwa hiyo usiku, wakati ambapo hapana anayemwagilia, maji hukusanywa katika ndiva. Asubuhi mdomo wake hufunguliwa, maji yakashuka kwa nguvu, kila mtu akapata zamu yake.

Filamu ya mtandaoni huja kwa ndiva. Simu hukusanya mbele sehemu ya filamu ambayo mtazamaji hajaifikia, na mstari ukikatika kidogo yeye hana habari, kwa kuwa anatumia akiba. Lakini mchezo hauwezi kuwekewa ndiva. Picha itakayofuata haijachorwa bado. Itategemea kidole kitabonyeza nini. Huwezi kuweka akiba ya jambo ambalo halijatendeka. Kwa hiyo mchezo wa mbali hunywa kijito chenyewe, tone kwa tone, na kila mdundo wa mstari huonekana machoni palepale. Hii ndiyo tofauti kubwa, na neno *kutiririsha*, ambalo sasa hutumika kwa filamu, kwa muziki na kwa michezo pia, limeifunika kabisa. Silikatai neno hilo. Nasema tu kwamba filamu na mchezo vyote vikiitwa vya kutiririshwa, mtu hulazimika kudhani kwamba penye kimoja pana na cha pili, kisha anunue, kisha ajute.

Ama umbali, huo huhesabika. Mwanga katika nyuzi za kioo zilizomo ndani ya nyaya za mawasiliano huenda kilometa 200,000 hivi kwa sekunde, yaani kilometa 200 kwa kila milisekunde. Toka Kisiwani mpaka Dar es Salaam, kwa mstari ulionyoka, ni zaidi ya kilometa 300. Toka Dar es Salaam mpaka Johannesburg ni karibu kilometa 2,500 kwa mstari ulionyoka, na njia ya waya wa baharini ni ndefu kuliko hiyo. Hata tukiihesabu safari nzima kuwa kilometa 3,000 tu, kwenda na kurudi ni milisekunde 30, na hapo bado hatujaongeza mnara wa simu, vituo vya kugawia njia, kazi ya seva na kazi ya simu, ambavyo kila kimoja hudai fungu lake. Kwenda Ulaya kwa njia ya Bahari ya Shamu twaweza kukisia kilometa 10,000 na zaidi: milisekunde 100 za safari tupu. Kumbuka kwamba picha moja ina nafasi ya milisekunde 16. Mhandisi aweza kufupisha kazi ya seva. Aweza kuifanya pedi izungumze na seva bila ya kupitia katika simu, kama Stadia na Luna walivyofanya. Lakini hapana mhandisi awezaye kuuharakisha mwanga. Dawa ni moja tu, nayo ni kuileta mashine karibu.

Je, imeletwa? Microsoft ilifungua vituo vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020. Lakini kituo cha data kuwako si sawa na mashine za michezo kuwamo, kama vile bohari kuwako mjini kusivyomaanisha kwamba lina mahindi. Na njia yenyewe ya kufikia huko ina udhaifu wake. Waya wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano yetu na ng'ambo yalitegemea setilaiti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa wakati mmoja huko kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku ile hata barua pepe zilisuasua, sembuse mchezo wa mpira.

Liko na jambo la bando. Megabiti 15 kwa sekunde, ukizifuata saa nzima, ni gigabaiti 6 na robo tatu. Dada yangu, ambaye laini tuliyoitumia ilikuwa yake, alikuja asubuhi akaniuliza kwa upole kuliko nilivyostahili: "Kaka, na wewe mtu mzima umo?" Niliunga bando jipya bila ya kujitetea.

Hapohapo pakatokea jambo la lugha ambalo sikulitazamia. Nilipomweleza kwamba tulikuwa katika *mchezo*, alidhani nasema habari za mchezo wa fedha, yaani upatu, ambao wanawake wengi wa Tanzania huuita hivyo: *nacheza mchezo*, *mchezo wangu umefika*. Akataka kujua nimechangia kiasi gani. Neno *mchezo* limebeba mizigo mingi: mpira ni mchezo, maigizo ni mchezo, upatu ni mchezo, na mtu afanyaye mzaha huambiwa analeta mchezo. Vijana wamelitatua jambo hili zamani bila ya kutuuliza. Wao husema *gemu*, na gemu ni ile ya kioo na vitufe tu. Bao si gemu, wala rede si gemu. Najua wako wenzangu watakaosema kwamba tusikimbilie neno la kigeni tukiwa na letu. Lakini tumekwisha kuyaona ya *kompyuta*. Yaliundwa maneno *ngamizi* na *tarakilishi*. Hilo la pili limepata makazi Kenya, hasa katika vitabu vya shule, na huku Tanzania watu wakaendelea na kompyuta yao. Neno *gemu* halikuja kulifukuza neno *mchezo*. Limekuja kukaa katika chumba kilichokuwa kitupu.

Nirudi kwenye wingu. Ukiyatazama maneno yetu ya mawasiliano utaona yamegawanyika katika makundi mawili. Kundi moja ni la hewani: kipindi huenda *hewani*, tuna *barua pepe*, na sasa *wingu*. Kundi la pili ni la vitu vishikikavyo: *mtandao*, ambalo asili yake ni *-tanda*, kitu kilichotandazwa kama utando wa buibui, *mnara*, *laini*, *bando*, ambalo mtu huliunga kama aungavyo waya. Kundi la kwanza lina uzuri wake, na kwa barua pepe halina madhara: barua ikichelewa milisekunde mia mbili hapana ajuaye. Hata kwa kuhifadhi picha na maandishi neno *wingu* halina kosa kubwa, maana mwenye kuhifadhi hajali vitu vyake viko Cape Town au Dublin, mradi avipate. Lakini kwa gemu, mahali ndio msingi wa jambo. Neno lisemalo kwamba mashine iko juu, kila mahali na popote, lamficha mchezaji habari ile moja anayoihitaji kabla ya kutoa fedha yake: mashine iko wapi, na kati yangu na yake ni kilometa ngapi?

Wenye kulitunga neno hilo katika lugha yao walikuwa na sababu. Wachoraji wa ramani za mitambo walichora wingu penye sehemu ya mtandao wasiyotaka kuieleza. Maana yake ilikuwa "humu ndani msiulize". Sisi tulitafsiri mchoro. Mkaaji wa Kisiwani angetueleza kwamba wingu lililo juu ya Mbaga halimpi maji mpaka pawe na mfereji, na mwenye shamba huuliza habari za mfereji: una urefu gani, unavuja wapi, zamu ni ya nani.

Nashauri basi tuseme *gemu ya mbali*, na kwa maandishi rasmi, kwa wasiolitaka neno gemu, *mchezo wa mbali*. Pingamizi moja nalijua. Iko namna nyingine ambayo mtu huacha mashine yake mwenyewe nyumbani akaichezea kutoka mahali pengine kwa simu, na hiyo nayo ni ya mbali. Nimelifikiri jambo hili, nami naona halituharibii: katika namna zote mbili mashine iko mbali na kidole kiko hapa, na tofauti ni ya umiliki tu. Ikihitajika kutenganisha, tuseme *gemu ya mbali ya kukodi* na *gemu ya mbali ya nyumbani*. Maneno ni marefu kidogo, lakini yasema kweli.

Kuhusu kasoro za mstari, tusiunde maneno mapya kabla ya kuyasikiliza yaliyopo. Niliyoyasikia Kisiwani, na katika kibanda kimoja mjini Same nilipopita wakati wa kurudi, yalikuwa manne, na vijana hawayachanganyi. *Kuganda* ni picha kusimama. *Kukwaruza* ni picha kuvunjikavunjika na kuwa na madoa. *Kusuasua* ni mwendo usiokuwa sawa, mara upesi mara polepole. *Kuchelewa* ni ule uchelewo wa siku zote, ambao picha ni nzuri lakini tendo laja nyuma. Wahandisi nao hutenganisha mambo hayohayo, na kila moja lina sababu yake na dawa yake. Kwa uchelewo napendekeza jina *ukawio*, kutokana na *-kawia*, kwa kuwa *uchelewaji* humlaumu mtu aliyechelewa, na hapa hapana aliyechelewa: ni umbali tu. Kwa hayo mengine natosheka na *mgando*, *mkwaruzo* na *msuasuo*, ingawa hili la mwisho sina hakika kwamba ulimi utalikubali.

Liko neno la tano ambalo sikulitegemea kulihitaji. Kabla ya kuondoka nilimwomba mpwa wangu tuijaribu tena ile huduma ya tatu, safari hii kwa mchezo wa karata. Mambo yakaenda vizuri kabisa, mchana kweupe. Katika karata, kama katika bao, mtu hungoja mwenzake acheze. Uchelewo wa robo ya sekunde humezwa na kufikiri. Basi gemu za mbali zagawanyika mara mbili kwa mtu wa Kisiwani: gemu za *zamu*, ambazo umbali hauzidhuru, na gemu za *papo kwa papo*, ambazo umbali huziua. Ningependa kuona mgawanyo huo umeandikwa katika kila tangazo la huduma hizi litakalotafsiriwa kwa Kiswahili.

Mpwa wangu hakuvutiwa na karata. Alinishinda mara mbili, kisha akaizima simu, akaniuliza kama najua hesabu ya kilometa kutoka hapa mpaka Nairobi, endapo siku moja mashine zitawekwa huko. Tulichukua ramani tukapima kwa rula, tukapata chini ya kilometa 400. Akagawanya kwa 200, akazidisha kwa mbili, akakaa kimya kidogo. "Milisekunde nne, Mjomba," akasema. "Hapo ningemfunga."